Tezi, Wembe na Unyoya wa Kuku

Kambale ni mwepesi kufuga na mgumu kuzalisha. Mpe bwawa la matope, pumba za mahindi na mabaki ya jikoni, atanenepa. Hewa ikipungua majini atapanda juu, avute pumzi moja, ashuke tena. Jike atajaza mayai mpaka ubavu utanuke, kisha mayai yatakaa humo tumboni wiki hadi wiki bila kutoka, kwa sababu anasubiri mafuriko. Kule mtoni, kwenye Malagarasi na vijito vinavyoingia humo, mvua za kwanza za Oktoba na Novemba zikijaza mabonde, kambale hupanda usiku hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Jike na dume hujikunja pamoja, mayai hunata kwenye majani, na kabla hakujapambazuka wazazi wamekwisha kurudi kwenye kina. Bwawa lililochimbwa kwa jembe halina usiku wa namna hiyo. Anayetaka vifaranga vya kambale huku nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, lazima amdanganye jike kwamba mto umefurika.

Kazi hiyo niliitazama kwa mama mmoja ambaye mabwawa yake yako bondeni, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Majirani wanamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mtu atauliza kwa nini uhangaike na bwawa ilhali ziwa lipo. Lipo, ila liko chini. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu imepita mita 1,200, na samaki wengi wanaoliwa huku hupanda mlima wakiwa wakavu, dagaa kwenye magunia na migebuka kwenye matenga. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikipevuka wavuvi hubaki nchi kavu na mafungu sokoni hupungua. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaana. Na tangu 2003 wanasayansi walikwisha kuonyesha kwamba ongezeko la joto linazuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, na kwamba uzalishaji wa mwani, ambao ndio mwanzo wa chakula cha dagaa, umeshuka kwa takriban asilimia 20. Fundi hesabu yake ni fupi zaidi. "Tumbo halijui ziwa limefungwa," aliniambia, akaendelea kusugua beseni.

Kusugua ndiko kunakochukua muda mwingi kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii, na ndiko ambako mgeni hukuona kama maandalizi tu. Chumba cha kuangulia ni kimoja, cha matofali ya kuchoma na bati, na sakafu yake ya saruji ina mteremko kuelekea kwenye mtaro. Maji yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu ya mabwawa, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kwenye pipa lenye kokoto, changarawe na mchanga, kisha yanapanda kwa ndoo hadi kwenye simtanki lililo juu ya jukwaa la mbao. Kutoka hapo yanateremka yenyewe kwa bomba jembamba hadi kwenye mabeseni. Hakuna pampu. Fundi hupenda maji yaliyokaa usiku kucha tankini, yaliyotua takataka na kulingana joto na hewa ya chumba. Mabeseni yanasuguliwa kwa chumvi na brashi, yanasuuzwa, yanaanikwa juani, yanasuuzwa tena. Sabuni hairuhusiwi kuvuka mlango.

Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye sinia moja: bomba la sindano, kinu kidogo cha kauri na mchi wake, koleo, kibano, kisu kifupi, nyembe mpya, kipimajoto, mizani ya jikoni, mabakuli ya plastiki, taulo mbili, na manyoya ya kuku yaliyochemshwa na kukaushwa. Pembeni ipo chupa ya maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, gramu 9 kwa kila lita. Chumvi yenyewe ni ya Uvinza, inakotolewa kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na inakotengenezwa tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Nilipomtajia hilo alisema yeye anaitaka kwa kuwa ni rahisi kupatikana.

Jioni ya kwanza ni ya kuchagua jike. Samaki wazazi wamekaa bila chakula tangu jana yake ili tumbo lililojaa pumba lisije likadhaniwa ni tumbo la mayai. Mpwa wake, kijana wa miaka ishirini hivi, anaingia bwawani na wavu, anamtoa mmoja mmoja, na Fundi anampokea kwa taulo lililoloweshwa. Kichwa kinafunikwa kwanza. Kambale akifunikwa macho hutulia, na Fundi hamshiki kwa nguvu. Mkono mmoja uko chini ya mapezi ya kifuani, mbali na miiba, mwingine unapapasa tumbo kutoka kifuani kwenda mkiani. Tumbo zuri ni laini na limetanuka mpaka karibu na tundu la uzazi, na tundu lenyewe limevimba na kuwa jekundu kidogo. Hilo halimtoshi. Anabonyeza kwa kidole gumba, mayai machache yanatoka, anayaweka kwenye kisosi cheupe na kukipeleka mlangoni kwenye mwanga. Anatafuta mayai yanayolingana, kila moja kama milimita 1, yaliyoachana bila kushikamana, ya rangi ya kijani inayoelekea kahawia. Majike kadhaa yalirudishwa bwawani jioni ile. Mmoja alionekana kwangu mnene kuliko wote, nikamwonyesha.

"Huyo ana mafuta, mwanangu," alisema. "Mayai hayajafika."

Aliyepita alikuwa na kilo 1 na gramu 200. Akawekwa peke yake kwenye pipa lililokatwa, likafunikwa ubao na jiwe juu, maana kambale usiku huruka.

Sasa tezi. Chini ya ubongo wa samaki ipo tezi ndogo, nyeupe yenye wekundu wa mbali, isiyozidi chembe ya ulezi, na humo ndimo ulimokaa ujumbe ambao mafuriko huuamsha. Ili jike huyu apate ujumbe huo, samaki mwingine lazima autoe. Mtoaji awe amekomaa na uzito wake ukaribiane na wa jike. Fundi humuua kwa pigo moja la rungu, hukata kichwa, hukigeuza chali, na kuondoa taya la chini. Kisha kwa koleo huvunja mfupa wa dari ya kinywa vipande vidogo, akivitoa kimoja kimoja kwa kibano na kupangusa damu kwa pamba. Hapa kasi yake ilishuka mpaka nikadhani amesimama. Koleo likiteleza, tezi inapondeka na samaki amekufa bure. Mfupa wa mwisho ulipotoka, palionekana kijibonge kimetulia ndani ya shimo lake. Alikiinua kwa ncha ya kibano bila kukibana, akakitua kwenye kinu.

Mpwa wake alikuwa amekwisha kubeba kiwiliwili cha mtoaji kwenda jikoni. Chakula cha usiku kilikuwa kambale wa mawese na ugali wa muhogo, na ladha yake haikuwa na lawama.

Tezi ilisagwa kavu kwanza, kwa mzunguko wa mchi usio na haraka, halafu yakaongezwa maji ya chumvi mililita 2, ikasagwa tena mpaka maji yakawa na ukungu. Alivuta ukungu huo kwenye bomba la sindano, akaigeuza sindano juu, akagonga kwa kucha ili hewa itoke. Jike alilazwa kwenye taulo. Sindano iliingia kwenye nyama nene ya mgongo, chini ya pezi refu, imelala ikielekea kichwani, dawa ikasukumwa polepole. Ilipotoka, kidole kilikuwa kimekwisha kuziba tundu na kuanza kusugua ili dawa ienee na isirudi nje. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili jioni, na saa hiyo haikuangukia hapo kwa bahati.

Alikuwa ameichagua kwa kipimajoto. Muda kutoka sindano hadi mayai kuwa tayari hutegemea joto la maji: kwenye nyuzi 28 ni kama saa 8, kwenye nyuzi 25 saa 11, kwenye nyuzi 20 saa 21. Maji ya Fundi jioni ile yalikuwa nyuzi 23, ambayo ni saa 13 na nusu. Akidunga saa kumi na mbili jioni, mayai yatakuwa tayari saa moja na nusu asubuhi, mwanga ukiwa wa kutosha na jua halijawa kali. Anayezalisha kambale kwenye joto la pwani hupata majibu usiku uleule. Huku juu baridi inakupa usiku mzima wa kungoja, na kila digrii inayoshuka alfajiri inasogeza saa mbele. Ndiyo maana aliamka mara kadhaa kupima, na ndiyo maana pipa la jike lilivikwa magunia.

Ujuzi huu una safari yake. Bernardo Houssay, tabibu wa Argentina ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, ndiye aliyejaribu kuwadunga samaki tezi za samaki wenzao, mwaka 1930. Wabrazili wakaigeuza kuwa njia ya kuzalisha vifaranga miaka michache baadaye. Kwa kambale wetu wa Afrika kazi kubwa ilifanyika tangu miaka ya 1970, na mwaka 1996 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapa kitabu cha Gertjan de Graaf na Hans Janssen kinachoeleza kila hatua kwa ajili ya wafugaji wa kusini mwa Sahara, jedwali la joto na saa likiwemo. Nakala ya jedwali hilo, iliyonakiliwa kwa mkono, imebandikwa nyuma ya mlango wa Fundi. Wino wake umefifia kwa unyevu. Sijamwona akilitazama.

Siku hizi homoni ya kutengenezwa kiwandani inauzwa ndani ya chupa ndogo, na wazalishaji wengi wameihamia. Hakuna kichwa cha kupasua wala tezi ya kupoteza. Fundi ameitumia, hana ubishi nayo. Lakini chupa lazima isafiri kutoka mbali, na tezi iko bwawani.

Asubuhi yule jike alikuwa amebadilika. Tumbo lilining'inia, na alipoinuliwa kidogo kichwa kikiwa juu, mayai mawili matatu yalidondoka yenyewe. Fundi alinyamaza, na mpwa wake akanyamaza. Kuanzia hapo mambo yana mpangilio ambao hauruhusu mtu kuuliza swali, nami nilikuwa nimeonywa.

Dume hutangulia. Kambale dume hakamuliki, kwa vile mbegu zake haziko mahali pa kuminywa zikatoka. Ni lazima achinjwe. Hili ndilo pungufu la njia hii na Fundi halifichi: dume mmoja mzuri kwa kila uzalishaji, ingawa mmoja anatosha majike kadhaa. Alimpasua tumbo, akatoa korodani mbili ndefu zenye rangi ya maziwa mazito, akazipangusa damu kwa karatasi ya shashi mpaka zikawa kavu kabisa, akaziweka kwenye kisosi kikavu. Ukavu ndio siri ya asubuhi nzima. Mbegu za samaki zimelala mpaka ziguswe na maji. Zikiguswa huamka na kuogelea kwa nguvu zao zote, na nguvu hizo huisha ndani ya dakika moja hivi. Yai nalo lina tundu moja dogo la kuingilia mbegu, na likiguswa na maji tundu hilo huanza kujifunga. Tone moja linaloanguka kabla ya wakati kutoka kwenye kiwiko, kwenye mkia au kwenye ukingo wa bakuli huua mamia ya mayai bila mtu kuona kitu.

Basi jike alipangushwa kwa taulo kavu, akapangushwa tena, mpaka ngozi yake ya utelezi ikapoteza mng'ao. Mpwa alishika kichwa, Fundi mkia. Gumba lake lilisafiri kutoka kifuani kwenda kwenye tundu, akilisukuma tumbo bila kulikandamiza, na mayai yakaanza kutiririka kwenye bakuli kwa mkondo mzito usiokatika. Alipoona damu ya kwanza, uzi mwembamba mwekundu, aliacha hapo hapo ingawa tumbo lilikuwa bado na kitu. Jike akarudishwa majini. Mizani ilionyesha gramu 150. Kila gramu ina mayai kama 600 au 700, kwa hiyo ndani ya bakuli lile la mboga kulikuwa na mayai yapata 100,000.

Wembe ukapita kwenye korodani, mipasuo mingi midogo, zikakamuliwa juu ya mayai. Hapo ndipo unyoya ulipoingia kazini. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini si kijiko. Kijiko kina ukingo. Unyoya unapinda kabla yai halijapasuka. Aliuzungusha chini ya bakuli na kuupandisha, chini na juu, mpaka mbegu na mayai vikawa kitu kimoja, vyote vikiwa bado vimelala. Kisha alimtazama mpwa wake.

"Tayari, shangazi," kijana akasema, akamimina maji safi, karibu sawa na wingi wa mayai.

Unyoya haukusimama. Dakika moja, na kidogo zaidi. Fundi alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Mayai yalianza kunata, na kabla hayajashikana mabonge aliyamwaga kwenye chandarua kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, inchi chache chini ya maji ya beseni. Aliyamwaga akirudi nyuma, mkono ukitikisika, ili yatue kwa tabaka moja. Pale mawili yalipopandana aliyatenganisha kwa ncha ya unyoya uleule. Yai lililolaliwa na lenzake hukosa hewa na kufa, na likifa huota ukungu unaowafikia majirani.

Baada ya saa moja na ushei alinipa kioo cha kukuzia na kunielekeza kwenye ukingo wa chandarua. Juu ya kila yai palikuwa na kinundu angavu. Vingi vilikuwa na mstari katikati: seli moja imekuwa mbili. Nilipotazama tena baadaye zilikuwa nne, halafu mistari ikawa mingi kiasi cha kunishinda kuhesabu. Fundi hakuwa akifanya kitu. Maji yalikuwa yakipita polepole, chumba kilikuwa na kiza, mkono wake mmoja ulikuwa kwenye bomba.

Mistari ile ilinikumbusha kwamba wapo watu duniani wanaotaka nyama ya samaki ikue kutokana na seli bila samaki mwenyewe kuwapo. Mwaka 1962 watafiti wawili wa Marekani, Wolf na Quimby, waliandika juu ya seli walizotoa kwenye viungo vya uzazi vya samaki aina ya trauti, seli zilizoendelea kugawanyika ndani ya chupa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2002 Morris Benjaminson na wenzake wa New York, kwa fedha za shirika la anga la NASA, walikuza vipande vya msuli wa samaki wa mapambo, wakavikaanga kwa mafuta ya zeituni, limau na kitunguu saumu, na waonjaji wakaruhusiwa kunusa tu. Mei 2025 kampuni ya Wildtype ya San Francisco ilipata barua ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kwamba haina maswali zaidi kuhusu usalama wa samoni wake aliyekuzwa hivyo, na mkahawa mmoja wa Portland ukaanza kumpakua mezani.

Nikisoma jinsi wanavyofanya, naona mikono ninayoifahamu. Seli hutengwa, huwekwa kwenye mchuzi wenye sukari, chumvi, vitamini na asidi za protini, ndani ya matanki ya chuma kisichoshika kutu, joto likilindwa kwa sehemu za digrii. Seli za samaki huridhika na baridi ambayo seli za ng'ombe zingeikataa. Adui ni bakteria, ambaye hugawanyika kwa dakika wakati seli ya samaki inahitaji siku nzima au zaidi. Mmoja akipenya, tanki lote linamwagwa. Na kwa miaka mingi mchuzi huo ulitegemea damu ya ndama aliye tumboni mwa mamaye, jambo lililowakera wenyewe waliotaka kuachana na uchinjaji, mpaka wakatafuta vibadala. Fundi naye, anayefuga ili watu wasilitegemee ziwa, hutia unga wa dagaa wa ziwa hilohilo kwenye chakula cha kambale wake. Anapunguza kila anapoweza, anaongeza mashudu ya alizeti na maharage ya soya, ila kuacha kabisa bado hajaweza.

Tofauti iko kwenye yai. Seli ya tankini imeondolewa kwenye mwili wake, kwa hiyo kila kitu lazima iambiwe: gawanyika, acha, kuwa msuli, jipange kwa mwelekeo huu, na kwa hilo hujengewa kiunzi cha kushikilia, mara nyingi cha mimea. Yai la kambale halihitaji kuambiwa. Lina akiba yake na mpango wake wote, na fundi anachodaiwa ni kutoliharibu. Sioni kwamba hiyo ni kazi ndogo kuliko ile nyingine. Mtu anayejua lini aondoe mkono amejifunza jambo ambalo halifundishiki kwa jedwali.

Kwenye nyuzi 23 mayai huanguliwa baada ya saa 33 hivi, yaani jioni ya siku ya pili. Kabla ya hapo kulikuwa na zamu za kuondoa mayai yaliyogeuka meupe, kwa mpira mwembamba unaonyonya, moja baada ya jingine. Alasiri mayai mazima yalikuwa na vijimkia vinavyotikisika ndani. Giza lilipoingia vichanga vilianza kupenya matundu ya chandarua na kuanguka chini ya beseni, kila kimoja kina milimita chache, uzi unaong'aa uliobeba mfuko wa kiini wa kijani. Maganda na mayai mabovu yalibaki juu, na Fundi aliinua fremu nzima akaitoa. Ndiyo faida ya chandarua: walio hai hujitenga na wafu wenyewe. Vichanga vilikimbilia pembe yenye kivuli cha ubao na kujikusanya hapo, wingu jeusi lisilotulia. Akipata nusu ya mayai yameanguliwa, alisema, anamshukuru Mungu na kulala.

Siku tatu hivi hawali; wanamaliza kiini. Baada ya hapo lazima wale, mara nyingi kwa siku, na chakula kiwe hai. Wazalishaji wenye fedha hununua mayai ya kamba wadogo wa maji ya chumvi, yanayokuja kwenye makopo kutoka sehemu kama Great Salt Lake ya Marekani. Fundi ana kisima chake cha kijani: shimo lililotiwa samadi ya kuku wiki iliyotangulia, ambamo wadudu wadogo wa majini wanarukaruka kwa maelfu. Huwachota kwa kitambaa chepesi alfajiri, huwachuja mara mbili ili mabuu ya kereng'ende yasipite, maana buu mmoja humaliza vichanga vingi usiku mmoja. Halafu huwaachia kidogo kidogo besenini, akitazama. Kichanga kilichoshiba kina tumbo la rangi ya chungwa, na akiona matumbo hayo anafunga mkono.

Wiki ya pili kiungo cha kuvutia hewa kinaanza kukomaa, na kwa mara ya kwanza wanapanda juu kuvuta pumzi. Ndipo pia wanapoanza kulana. Wachache hukua haraka kuliko wenzao, na aliyewazidi kwa urefu huwameza kwa kutanguliza mkia. Dawa ni kuchambua: mabeseni yenye matundu ya ukubwa tofauti, wadogo wanapita, wakubwa wanabaki, kila wiki, bila kuruka wiki. Mpwa ndiye aliyepewa kazi hii, na shangazi alikuwa akipita nyuma yake akiinua beseni moja moja bila kusema neno. Mara moja tu aliingiza mkono, akatoa kambale mmoja mrefu mara mbili ya wengine, akamwonyesha kijana, akamhamisha.

Kutoka besenini vifaranga huenda kwenye bwawa dogo lililozungushiwa bati fupi dhidi ya vyura na kufunikwa nyavu dhidi ya mdiria. Wakifikia urefu wa kidole wanauzwa. Siku moja kabla ya kusafiri hawalishwi, ili wasichafue maji ya njiani.

Nilipokuwapo alikuja mteja kutoka Kibondo, kijana wa bodaboda aliyechimba bwawa na wenzake. Alitaka 500. Vifaranga vilihesabiwa kwa kikombe, kumikumi, na kutiwa kwenye madumu yaliyokatwa tundu juu, maji yakiwa nusu tu, kwa kuwa kambale wa umri huo anataka hewa ya juu kuliko maji mengi. Fundi alimpa maagizo huku akifunga kamba. Usiendeshe jua la mchana. Ukifika usiwamwage, liweke dumu ndani ya bwawa, uchote maji ya bwawa uongeze taratibu mpaka joto lilingane. Kata nyasi za ukingoni, vyura wanakaa humo. Wiki ya pili uchambue.

"Nikisahau, mama?"

"Utakuwa na kambale mmoja mkubwa."

Mteja alihesabu upya dumu la pili, akapata pungufu ya vitatu. Wakahesabu wote wawili. Fundi akaongeza vitatu, akaongeza na kumi vya kufidia njia, akaandika kwenye daftari tarehe, joto la maji, uzito wa mayai na namba ya jike, na mbele yake akaandika kwamba jike huyo apumzishwe mpaka baada ya mwezi wa pili.